Marehemu Alihudhuria

Mstari wa kumi na nne ulikuwa umepakwa rangi ya njano, na mwandiko ulikuwa wangu.

Bwana Andwele, afisa wa mfuko wa pensheni, aliigeuza karatasi juu ya meza ili tuione kutoka upande wetu, mimi na mama, akaweka ncha ya kalamu chini ya maneno yale bila kuyagusa, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mdudu. Mama hakusoma. Macho yake hayaoni ya karibu, na miwani aliyopewa na masista ilivunjika mkono zamani. Aliniangalia mimi. Mimi sikuwa na haja ya kusoma. Mstari ule nilikuwa naujua wote, kwa kuwa ndio ulionisumbua siku ya kuandika. Nilitafuta namna ya kuuweka uwe mfupi na wenye heshima, na nilipoipata nilifurahi peke yangu.

Nilikuwa nimeandika hivi: Fabiani amevaa mkanda, ameketi mkeka mmoja na Modesta, na nyumba haina upweke.

Chini kabisa, kwenye orodha ya waliohudhuria kikao cha ukoo, jina la kwanza lilikuwa Fabiani Wilibrodi, na mbele yake sahihi.

"Binti," Bwana Andwele akasema taratibu, "huyu Fabiani si ndiye marehemu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa amehudhuria vipi kikao cha msiba wake mwenyewe? Na sahihi ameweka."

Mtu mmoja kwenye benchi nyuma yetu alicheka puani. Jibu nilikuwa nalo, refu na lililonyooka, lakini lilifika kwenye meno likasimama. Mimi ndivyo nilivyo tangu utoto. Mbele ya wageni maneno yangu hukimbilia mikononi, na kama hakuna kalamu, hufia hapo.

Kwa hiyo Bwana Andwele, ambaye si mtu mbaya, akaendelea peke yake. Alisema kwamba kanuni ya mfuko iko wazi. Mjane hulipwa pensheni ya marehemu mumewe kwa kuwa ni mjane. Akiolewa tena, haki hiyo inakoma, kwa sababu anahesabiwa kuwa ana mume wa kumtunza. Na karatasi yetu wenyewe, yenye sahihi kumi na moja na muhuri wa mahakama ya mwanzo, ilikuwa inasema kwamba mama huyu ameketi mkeka mmoja na mwanamume anayeitwa kwa jina la mumewe.

"Kwa karatasi hii, mama," alisema, "ama mumeo hajafa, ama umeshaolewa. Mimi sioni njia ya tatu."

Mama alirekebisha kitenge begani. Akauliza kama anaweza kunyoosha mguu, maana nyonga ilikuwa imeanza kumuuma.

*

Baba yangu alikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe la halmashauri, hapo Mollo. Kwa miaka ishirini na sita alichanganya dawa, akahesabu ng'ombe wanaotumbukia na ng'ombe wanaotoka, akavaa mabuti ya mpira tangu Januari hadi Desemba. Harufu ya dawa ile ilimwingia hata ikawa ndiyo harufu yake. Tulipokuwa wadogo tulijua amefika nyumbani kabla hajabisha. Alikufa wakati wa mvua, kwa homa ya siku nne, akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

Katika ukoo wetu mwenye nyumba akifa, jina lake haliachwi makaburini. Siku ya kumaliza matanga, ndugu huchagua mmoja, mara nyingi mdogo wake, wakamketisha kwenye mkeka mpya kando ya mjane. Shangazi mkubwa humfunga mkanda wa marehemu kiunoni. Hunyweshwa maji kwa kikombe cha marehemu. Kuanzia hapo ndiye anayeitwa jina lile. Watoto humwamkia kama baba, na mjane humwita kama alivyomwita mumewe. Basi. Akishamaliza kunywa maji huinuka akaenda kwake, kwa mkewe. Wazee husema zamani hakuwa akiinuka. Padri na ukoo walivutana miaka mingi juu ya jambo hilo, wakaishia kugawana: ukoo ulibaki na mkanda, kitanda kikaachwa.

Aliyechaguliwa ni baba mdogo Kornel. Ana kimo cha baba na sauti ya baba. Shangazi Adela, aliyekuja kutoka Milepa na kuku wawili wa msiba, ndiye aliyemfunga.

Siku hiyohiyo ndipo kilipokaa kile kikao cha ukoo cha kumteua mama kuwa msimamizi wa mirathi. Ilibidi iwe siku hiyo, maana kesho yake watu wa Kaoze wangeshuka bondeni na wa Milepa wangerudi kwenye mahindi yao, na kuwakusanya tena ni kazi ya mwaka mzima. Wakahitaji mwandishi. Niliishia darasa la tano. Nilichukuliwa kwenda Kaoze kumuuguza bibi, na bibi alipopona shule ilikuwa imeshanisahau. Lakini mwandiko wangu unasomeka, na katekista hunipa daftari la nia za misa kila Jumamosi nimwandikie. Kwa hiyo wakanipa kalamu mimi.

Kosa langu lilikuwa ni la mpangilio tu. Mkanda ulifungwa kwanza, orodha ya majina ikaja baadaye. Nilipomfikia baba mdogo nilimtazama, kalamu hewani, nisijue niandike nani. Shangazi Adela akasema kwa Kifipa, bila kuinua sauti, niandike jina lake. Jina lake saa ile lilikuwa Fabiani. Nikaandika. Yeye akatia sahihi, akajitahidi hata kuufanya mkia wa herufi ya mwisho kama baba alivyokuwa akiufanya. Watu waliona, wakafuta machozi. Hakuna hata mmoja pale aliyedanganya.

Mahakamani karani alisoma mahali pamoja tu, pale penye jina la msimamizi, akapiga muhuri.

*

Asubuhi moja, wiki ile ya kwanza baada ya matanga, nilikuwa naosha vyombo nikasikia mlango unabishwa. Mama akauliza kutoka ndani, "Nani?"

"Fabiani," ikajibu sauti ya baba.

Kikombe kilinitoka mkononi. Mama alifungua komeo, akasema, "Karibu, baba Luciana," vile alivyozoea kumwita baba kwa jina langu, na baba mdogo akaingia na ukungu mabegani, akauliza kama tumeamka salama, akaenda kuangalia mahindi. Tangu hapo alipita kila alfajiri. Mlango, swali, jina. Sikuwahi kukizoea kitu kile, lakini niliona kwamba mama anaanza kula tena. Nami nilijikuta napunguza kelele za vyombo wakati wa alfajiri, ili nisikie vizuri.

Ninaeleza haya ili ieleweke kwamba Bwana Andwele alipotuambia dawa ni rahisi, tukaandike muhtasari mwingine usio na mambo ya mkeka, waliohudhuria waandike majina yao ya kwenye vitambulisho, alikuwa anatuomba kitu ambacho hakukijua. Mama peke yake ndiye aliyemjibu.

"Lakini mkeka ulikuwepo, baba."

"Najua, mama. Usiandikwe tu."

"Kama ulikuwepo na haukuandikwa, si tutakuwa tumeuficha?"

Bwana Andwele akajikuna ukosi wa shati. Nadhani alitamani tungekuwa watu wa kudanganya kidogo. Kazi yake ingekwisha mapema.

Hiyo ilikuwa safari yetu ya tano mjini. Ya kwanza picha zilikataliwa, walitaka zenye rangi ya buluu nyuma. Ya pili cheti cha ndoa cha parokia kilihitaji barua ya kukithibitisha. Ya tatu mtandao haukuwepo, na ya nne mtandao ulikuwepo lakini mwenye neno la siri alikuwa kwenye semina Mbeya. Kila safari mama alipanda bodaboda ameegemea upande mmoja, maana nyonga yake haikupona tangu alipoanguka shambani. Kwetu hatulimi kwa kukwaruza juu. Tunakata majani na udongo pamoja, tunajenga matuta ya mviringo makubwa kama vichuguu, na nyasi zinaozea ndani mpaka mwaka unaofuata. Ni kazi ya mgongo na nyonga. Mama hawezi tena kujenga tuta hata moja, na mimi peke yangu najenga ya kutulisha miezi mitano. Miezi saba iliyobaki ndiyo tuliyokuwa tunaifuata ofisini.

*

Baba mdogo alikataa.

Hakukataa kwa hasira. Alisikiliza hadi mwisho, amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya kifungo cha mkanda. Halafu akasema kwamba jina la mtu si koti la kuazima. Hawezi kuvishwa mbele ya ukoo, akanywa maji, akaitika, kisha akaenda kuandika kwamba hakuvishwa. Atakuwa amemtupa kaka yake porini. Alitaka kujua huyo Andwele kwao ni wapi. Nikasema Rungwe.

"Huko wanakula ndizi mpaka wanasahau wafu wao," akasema.

Mkewe, mama mdogo Stumai, alikuwa anapepeta ulezi mlangoni. Yeye si wa kwetu, ametoka upande wa Mpanda, na mambo ya mkanda aliyapokea tangu mwanzo kwa mdomo wa pembeni. Hakuacha kupepeta.

"Mimi niliolewa na Kornel," akasema. "Nikiamka asubuhi sitaki kumkuta shemeji kitandani. Na kama kweli wewe ni Fabiani, jembe lile pale. Kawajengee watu wako matuta ya Fabiani, usiishie kubisha hodi."

Mama alicheka kidogo, cheko la kwanza tangu msiba, halafu akaliona limemtoka, akalikata. Mimi nilikasirika. Sikujua namkasirikia nani. Nilimkasirikia baba mdogo kwa ugumu wake, kisha nikaona ugumu wake ndio unaomlisha mama kila alfajiri. Nilimkasirikia Bwana Andwele, kisha nikaona kanuni hakuitunga yeye. Nikabaki na mstari wa kumi na nne. Huo niliuandika mimi.

Jumatatu nilikwenda mjini peke yangu. Nilikuwa nimeamua kueleza. Njia nzima, nyuma ya bodaboda, upepo wa Julai ukinikata masikio, nilijipangia maneno. Nilianza na shikamoo, nikapanga habari za mkanda, nikapanga habari za kitanda kwa namna isiyo na aibu. Bwana Andwele hakuwepo. Dirishani alikuwepo dada mmoja mwenye kucha nyekundu, akaniuliza shida yangu huku anatazama simu. Nikamwambia tumeambiwa tulete muhtasari mpya.

Akafungua faili. Akasema haiwezekani. Muhtasari wa kwanza umeshagongwa muhuri na mahakama. Tukileta mwingine unaosema tofauti, watauliza upi ni wa kweli, na hapo itakuwa habari ya kughushi, na aliyeandika ndiye atakayeitwa. Aliyeandika ni nani?

Maneno yangu yote, yale ya kutoka Mollo hadi pale, yalikuwa yamejipanga nyuma ya ulimi.

"Asante," nikasema.

Nikatoka. Nilikaa kwenye ukuta wa nje, karibu na wauza mihogo, na nilijichukia sana. Ofisi moja ilikuwa imetuambia tuandike upya, ofisi hiyohiyo ikatuambia tukiandika upya tutafungwa, na mimi nilikuwa nimeishukuru.

*

Jumatano jioni Bwana Andwele alipiga simu. Faili linaondoka Ijumaa kwenda makao makuu. Likienda lilivyo, mama ataandikwa hana sifa, na faili likifungwa kulifungua tena ni safari nyingine kabisa. Kesho tuje watatu: mjane, mtu aliyevaa mkanda, na mwandishi wa kikao. Atachukua maelezo, ayaambatanishe, na wakubwa waamue.

Sikutegemea kwamba baba mdogo angekuja. Alikuja. Amevaa suruali yake ya misa na mkanda juu yake, kifungo kimesuguliwa. Stumai ndiye aliyemsugulia, ingawa alisema amefanya hivyo ili asitie watu aibu mjini.

Bwana Andwele alitukaribisha vizuri, akamwamkia mama shikamoo, akamwamkia na baba mdogo. Akatoa fomu. Alieleza kwamba atauliza, tutajibu, ataandika tulivyosema, halafu kila mtu ataweka sahihi yake. Alianza na mama kwa sababu ndiye mwenye haki.

Jina. Modesta. Umri. Mama alitaja mwaka wa ubatizo, wakakadiria. Hali ya ndoa.

"Niliolewa na Fabiani, kanisani," mama akasema.

"Na sasa, mama?"

"Nimekwambia, baba. Na Fabiani."

"Mumeo yuko hai?"

Mama alifungua mdomo. Aliutazama mkanda uliokuwa kiunoni mwa mtu aliyekaa kando yake, mkanda wa ngozi nyeusi, tundu la tano likiwa limetobolewa kwa msumari mwaka baba alipokonda. Niliona anatafuta neno ambalo lingekuwa kweli mezani pale na likabaki kweli nyumbani. Hakulipata. Bwana Andwele alisubiri. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio mbaya. Kisha mama akainua kidole, akaninyoshea mimi.

"Mwulize aliyeandika," akasema.

Wote wakanigeukia. Baba mdogo pia, na nilipokutana na macho yake niliona kitu ambacho sikukitarajia. Alikuwa anaogopa. Mtu yule mgumu alikuwa ananiogopa mimi, mwoga kuliko wote waliokuwa ndani ya chumba kile, kwa kuwa alijua ninachokijua.

Nilitafuta kalamu. Iliyokuwepo ilikuwa mkononi mwa Bwana Andwele.

"Baba yangu amekufa," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, na nikagundua kwamba sijawahi kulisema neno lile. Msibani watu hawakuniuliza, walikuwa wanajua. Baada ya matanga halikuwa na mahali pa kusemewa, kwa kuwa Fabiani alikuwa anabisha hodi kila siku. Miezi mitano nilikuwa naishi katika nyumba ambayo mtu alikuwa amekufa na hajafa, nami nilikuwa nimelipenda jambo hilo kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Alikufa Jumanne, mvua inanyesha," nikaendelea. "Mimi ndiye niliyemwosha miguu. Dawa ya josho ilikuwa imemwingia chini ya kucha, sabuni ikashindwa kuitoa, nikamkata kucha zote kumi. Nilizizika mwenyewe nyuma ya jiko. Huyu hapa ni baba yangu mdogo, Kornel. Ana mke, anaitwa Stumai. Alivaa mkanda wa baba ili jina lisinyamaze nyumbani. Anakuja asubuhi, anaangalia mahindi, anaondoka. Siku moja mvua ilimkamata kwetu, akakaa jikoni kwenye moshi mpaka ikaisha, hakuingia chumbani kwa mama. Mama hajaolewa. Mkeka ule tulianikia ulezi kesho yake."

Nilikuwa nahema kama niliyepanda mlima. Nikasema na la mwisho, lile lililoniuma tangu siku ya mstari wa njano.

"Nilichoandika ni kweli. Ila niliwaandikia watu wanaojua. Sikujua kwamba kitasomwa na wasiojua."

Bwana Andwele hakunikatiza. Alikuwa anaandika, na uliponyamaza mdomo wangu kalamu yake ilikuwa bado inakimbia. Alipomaliza alisoma yote kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno, hata kucha. Kusikia mambo yale yakisomwa na mgeni kulinifanya nione aibu kisha nikaacha kuona.

"Mzee," akamwambia baba mdogo, "ukikubali kwamba ndivyo ilivyo, weka jina lako hapa. La kitambulisho."

Baba mdogo alisimama, akafungua kifungo, akauchomoa mkanda kitanzi kwa kitanzi, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Akaukunja, akauweka juu ya meza kando ya muhuri. Suruali ikamlegea, akaishika kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akaandika Kornel Wilibrodi, herufi moja moja. Safari hii mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa wake, mfupi, uliokatika ghafla.

Mama aliweka dole gumba. Mimi nilitia sahihi mwisho, mbele ya neno mwandishi.

Nilidhani baada ya hapo kungekuwa na kitu. Bwana Andwele alituambia kwamba hawezi kuahidi. Makao makuu wanaweza kukubali, wanaweza kutaka kiapo mbele ya hakimu, wanaweza kutuma mtu kuja kuuliza majirani. Miezi miwili, labda minne. Tuache simu wazi. Alitusindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akaniita nirudi.

"Binti, mmesahau."

Hakuugusa. Alionyesha tu kwa mkono wazi. Niliuchukua mkanda, nikautia kwenye bahasha ya plastiki pamoja na vyeti.

*

Tulirudi kama tulivyokwenda. Baba mdogo alishuka kwenye njia panda, akaenda kwake ameshika kiuno cha suruali. Hakuaga, na hakuonekana mwenye hasira. Mama alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya matuta. Jioni aliniambia niweke maji ya uji, akanywa nusu kikombe, akasema nimefanya vizuri. Baadaye kidogo akasema haidhuru, kana kwamba ni mtu mwingine aliyemjibu.

Nilipoitoa bahasha, vyeti vyote vilikuwa vinanuka josho. Cheti cha ndoa, cheti cha kifo, picha zenye rangi ya buluu. Niliuning'iniza mkanda kwenye msumari nyuma ya mlango, pale ulipokaa miaka yote wakati baba akioga.

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye kizingiti. Nilikuwa jikoni, vikombe mkononi, sivigonganishi. Mama alikuwa ameamka kabla yangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kanga kichwani, mguu ameunyoosha, na nilijua anangoja, na kwamba hataki nijue.

Hatua zilikuja, zikasimama. Mlango ukabishwa mara mbili, kama kila siku.

Mama akashika komeo.

"Nani?" akauliza.

Nje palikuwa kimya. Nilimsikia akivuta pumzi, mtu yule aliyekuwa upande wa pili wa mbao, akaivuta kama anayeanza kutaja jina, kisha akaishikilia. Mkanda ulikuwa unatikisika kidogo kwenye msumari wake, kwa zile hodi mbili. Mama hakurudia swali, na mkono wake haukuondoka kwenye komeo.